DAKTARI ALIYEWATETEA WASIOTULIA: MAISHA YA GILLES DE LA TOURETTE

Askari anaposimama mguu sawa katika uwanja wa gwaride, kila kiungo cha mwili wake huwa chini ya amri. Macho hutazama mbele, mabega hutulia, mdomo hufungwa. Ndivyo tulivyofundishwa sote, na ndivyo tunavyowafundisha wanaotufuata. Lakini wako watu ambao viungo vyao haviisikii amri hiyo, wala si kwa kiburi wala kwa uzembe. Habari za watu hao, na za daktari ambaye jina lake limefungamana na maradhi yao, ndizo tunazokusudia kuwasimulia leo.

Tulipokuwa katika chuo cha kadeti tulikuwa na mwenzetu mmoja hodari wa shabaha na mwepesi wa mbio. Aibu yake ilikuwa moja tu. Kikosi kizima kikiwa kimya, bega lake la kushoto lilipanda ghafla, macho yakapepesa mara tatu au nne, na koo likatoa mlio kama wa mtu anayejikohoza. Mkufunzi mmoja aliona kuwa hiyo ni dharau. Mwenzetu akazungushwa uwanja juani, bunduki juu ya kichwa, jioni baada ya jioni. Na kadiri alivyozidi kuadhibiwa ndivyo bega lilivyozidi kupanda. Sisi wenzake, twakiri, tulicheka. Siku ya kuhitimu wazazi wakaja. Bendera ilipopandishwa na wimbo wa taifa ulipopigwa, tulimwona baba yake, mzee wa heshima aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama wima mbele ya watu. Bega lake la kushoto likapanda, macho yakapepesa. Hapakuwa na aliyecheka tena. Mkufunzi naye aliona, akainamisha macho.

Tangu siku hiyo tulijiuliza kama jambo kama lile laweza kurithiwa, kama mtu anavyorithi kimo au umbo la pua. Jibu tulilolipata baadaye lilikuwa na historia ndefu, nayo inapitia katika maisha ya Mfaransa mmoja ambaye mwenyewe alipata taabu kubwa duniani.

KIJANA WA MKOANI

Georges Albert Édouard Brutus Gilles de la Tourette alizaliwa tarehe 30 Oktoba, 1857, katika kijiji cha Saint-Gervais-les-Trois-Clochers, magharibi ya Ufaransa, karibu na mji wa Loudun. Wasomaji wasidhani kwamba Gilles ni jina lake la kwanza. Hilo ni sehemu ya jina la ukoo wake. Alikuwa kijana mwerevu kupita kiasi, na asiyetulia. Akiwa na umri wa miaka 16 tu alikwisha anza masomo ya udaktari katika mji wa Poitiers. Mwaka 1881 alihamia Paris, na mwaka 1884 akaingia kufanya kazi chini ya mwalimu aliyekuwa na sifa kuliko wote katika elimu ya mishipa ya fahamu, Profesa Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière.

Hospitali hiyo yafaa tuieleze kidogo, maana ina jambo la kutuhusu sisi watu wa silaha. Jina lake latokana na shura, ile chumvi inayotumika kutengenezea baruti; kwani hapo zamani palikuwa na kiwanda cha baruti. Mwaka 1656 Mfalme Louis wa 14 aliamuru pageuzwe kuwa makao ya maskini. Miaka mia mbili baadaye palikuwa mji ndani ya mji, wenye maelfu ya wanawake wagonjwa, wazee na wenye akili zilizovurugika, ambao hakuna aliyewataka. Charcot alipopewa kazi huko mwaka 1862 aliona kile ambacho wengine hawakukiona. Hao waliosahauliwa walikuwa kitabu kikubwa cha maradhi, nacho hakikuwa kimesomwa. Akaanza kukisoma ukurasa kwa ukurasa, na vijana wa nchi nyingi wakaja kusoma naye.

Gilles de la Tourette alimpenda mwalimu wake kwa mapenzi ya askari kwa jemadari wake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye sauti kubwa, mwepesi wa hasira, mwaminifu kwa rafiki na mkali kwa adui. Licha ya udaktari aliandika katika magazeti na akachimbua historia ya kwao. Mwaka 1884 alitoa kitabu juu ya Théophraste Renaudot, tabibu mwenyeji wa Loudun aliyeanzisha gazeti la kwanza mashuhuri la Ufaransa mwaka 1631.

Kazi yake nyingine itawapendeza polisi, hususan wale wenye ujuzi wa kufuata nyayo. Ili aelewe jinsi maradhi yanavyoharibu mwendo wa binadamu, alitandika karatasi ndefu sakafuni, akawapaka wagonjwa unga mwekundu wa kutu ya chuma katika nyayo, akawatembeza juu yake. Kisha akapima urefu wa kila hatua, upana wa mwachano wa miguu na jinsi kila wayo ulivyogeuka. Mtu mzima alikuwa na alama zake, mwenye kupooza alikuwa na zake, na mwenye kutetemeka zake. Hayo aliyachapisha mwaka 1886. Mfuata nyayo wa porini angemwelewa bila mkalimani.

WATU TISA

Safari yake ya kuyaendea maradhi ya mishtuko ilianzia mbali na Paris. Katika jimbo la Maine, kaskazini ya Marekani, walikuwako wakata miti wenye asili ya Kifaransa walioitwa warukaji. Daktari George Miller Beard wa Marekani alikwenda kuwatazama mwaka 1880. Mrukaji akishtuliwa aliruka juu kwa kelele. Akiamrishwa ghafla kwa sauti kali apige, alipiga, hata kama aliye mbele yake ni ndugu yake. Akitamkiwa neno kwa haraka alilirudia kama mwangwi. Beard aliona kuwa jambo hilo lilikuwa katika koo maalum, baba, watoto na wajukuu. Gilles de la Tourette aliifasiri taarifa hiyo kwa Kifaransa. Mwaka 1884 akailinganisha na habari kama hizo zilizotoka Malaya na Siberia, akajiuliza kama hapo Paris hawakuwako watu wa namna hiyo.

Mwaka 1885 akatoa makala yake mashuhuri. Ilikuwa na habari za watu 9. Baadhi yao aliwaona mwenyewe, wengine aliwachukua kutoka kwa matabibu wenzake. Aliye maarufu kuliko wote alikuwa mwanamke wa ukoo wa kitukufu, Marquise de Dampierre. Huyu alikwisha elezwa mwaka 1825 na Daktari Itard, tabibu ambaye alianza kazi yake katika hospitali ya jeshi wakati wa vita vya mapinduzi ya Ufaransa. Tangu alipokuwa na umri wa miaka 7 mikono yake ilianza kuruka bila yeye kutaka. Halafu uso na shingo. Halafu zikaja sauti. Mwishowe, katikati ya mazungumzo ya watu wa heshima, mama huyo aliyelelewa kwa adabu zote alitokwa na matusi mazito. Kadiri alivyoyachukia maneno hayo ndivyo yalivyomtoka. Aliishi hivyo mpaka akapita umri wa miaka 80, akijitenga na watu, akafa mwaka 1884.

Katika watu hao 9 Gilles de la Tourette aliona mambo yenye kufanana. Maradhi huanza utotoni. Huanza kwa mishtuko midogo ya uso au ya mikono, ambayo Wafaransa huiita tiki, nayo hupanda na kushuka, huhama kiungo kimoja ikaenda kingine. Kwa wengine hufuatia sauti, kwa wengine kurudia maneno ya watu, na kwa wachache matusi yasiyokusudiwa. Akili ya mgonjwa hubaki timamu. Kisha akaandika jambo ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Maradhi haya, alisema, ni ya kurithi.

Charcot alifurahi, akayapa maradhi hayo jina la mwanafunzi wake. Hivyo kijana wa miaka 28 akapata umaarufu ambao wafalme wengi hawakuupata. Jina lake latajwa hata leo katika hospitali za dunia nzima.

ALIPOPATIA NA ALIPOKOSEA

Hapana budi tuseme kweli yote. Katika kusema kuwa maradhi haya hufuata damu, alipatia. Katika kueleza yanavyofuata, alikosea pamoja na mwalimu wake. Wakati huo madaktari wengi wa Ufaransa waliamini kuwa ziko koo zenye damu iliyooza. Katika koo hizo waliweka kila kitu kikapu kimoja: kifafa, wazimu, ulevi, kupooza, mishtuko, hata tabia ya uhalifu. Wakimkuta mgonjwa mwenye mishtuko, waliuliza habari za shangazi mwenye huzuni na mjomba mlevi, wakaandika kuwa hiyo ndiyo asili. Kwetu tungesema walishika ile methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka, wakaifanya kuwa sayansi. Taabu yake ni kwamba mgonjwa mmoja aliutia doa ukoo mzima, na baba akaona haya kumpeleka mwanawe kwa tabibu.

Tena wale warukaji wa Maine hawakuwa na maradhi yale yale. Ujuzi wa leo huwatenga, kwani mrukaji hutenda baada ya kushtuliwa na mtu, hali mwenye mishtuko hushtuliwa na kitu kilichomo ndani yake mwenyewe.

MAHAKAMANI, NA RISASI

Gilles de la Tourette alikuwa pia mtu wa mahakama. Enzi hizo Ufaransa nzima ilikuwa ikibishana juu ya hipnozi, yaani usingizi wa kuamriwa. Swali lilikuwa hili: je, mtu aliyelazwa katika usingizi huo aweza kuamrishwa aue, naye akaua bila hatia? Walimu wa mji wa Nancy walisema yawezekana. Charcot na watu wake wakakataa, na mwaka 1887 Gilles de la Tourette akaandika kitabu kikubwa juu ya jambo hilo na sheria.

Mtihani ulikuja upesi. Mwaka 1889 dalali wa mahakama aliyeitwa Gouffé aliuawa mjini Paris, na maiti yake ikasafirishwa ndani ya sanduku hadi karibu na Lyon. Polisi walimkamata mtu aliyeitwa Michel Eyraud pamoja na mwanamke kijana, Gabrielle Bompard. Katika kesi iliyosikilizwa Desemba 1890, upande wa mwanamke ulidai kuwa alikuwa chini ya usingizi wa kuamriwa. Mahakama haikukubali. Eyraud alinyongolewa kwa mashine ya kukatia vichwa mwaka 1891, na Bompard akapewa kifungo cha miaka 20. Gilles de la Tourette na wenzake wakaona wameshinda.

Lakini mwaka 1893 ulimjia na misiba mfululizo. Mtoto wake mdogo wa kiume alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Mwezi Agosti akafa Charcot, aliyekuwa kwake kama baba. Kisha jioni ya tarehe 6 Desemba, mwanamke aliyewahi kuwa mgonjwa wa Salpêtrière alifika nyumbani kwake kuomba fedha, akidai kuwa madaktari walimharibia maisha kwa kumlaza usingizi kutoka mbali. Daktari alipogeuka, mwanamke akatoa bastola akapiga risasi tatu. Moja ilimpata nyuma ya kichwa. Kwa bahati haikuingia ndani sana. Ilitolewa siku ile ile, naye akapona. Magazeti yalifanya sikukuu, maana aliyeandika kuwa hipnozi haileti mauaji alikuwa amepigwa risasi na mtu aliyesingizia hipnozi. Wengine walithubutu kusema kuwa alijipangia mwenyewe tukio hilo ili apate sifa. Madaktari waliompima mwanamke walikuta ana wazimu, akawekwa hospitali.

JUA KUTUA

Hata hivyo hakurudi nyuma. Mwaka 1895 alipanda cheo katika Kitivo cha Udaktari cha Paris, na katika Maonyesho Makuu ya Dunia ya mwaka 1900 mjini humo ndiye aliyekuwa daktari mkuu. Lakini waliomjua walianza kuona mabadiliko. Furaha yake ilipita kiasi, hasira zake zikazidi, ufahari wake ukawa hauna mpaka, na katika mihadhara alisema mambo yasiyofuatana. Mwaka 1901 aliondolewa kazini. Mkewe, akisaidiwa na Jean-Baptiste Charcot, mtoto wa yule mwalimu, alimpeleka Uswisi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Cery karibu na Lausanne. Huko ndiko alikofia mwezi Mei 1904, akiwa na umri wa miaka 46.

Ugonjwa wake ulikuwa kaswende iliyoingia katika ubongo. Hapa pana jambo la kutafakari. Watu wa Charcot walikuwa wamesita kukubali kuwa kaswende ndiyo mzizi wa maradhi kama hayo. Waliuweka mbele urithi wa ukoo. Mwaka 1905, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, mdudu wa kaswende aligunduliwa Ujerumani, na mwaka 1913 akaonekana katika ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa ule ule. Basi huyu aliyetafuta urithi kila mahali aliuawa na kitu kisichohusiana na ukoo wake hata kidogo, kitu ambacho tangu miaka ya 1940 hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Askari wanaojiona kuwa hodari wa mambo ya mjini na walisome fungu hili mara mbili. Hujafa hujaumbika.

MZIGO WAWATUA WAZAZI

Baada yake maradhi ya mishtuko yaliangukia mikono mingine. Mwaka 1902 madaktari wawili wa Paris, Meige na Feindel, walitoa kitabu wakisema kuwa mwenye mishtuko ana udhaifu wa nia, yaani ni mtu asiyejitawala. Baadaye wakaja wataalamu wa nafsi, wakatafuta chanzo katika siri za mgonjwa na malezi ya nyumbani. Kwa miaka mingi mama alipompeleka mtoto hospitali aliulizwa amemlea vipi. Ile methali ya mtoto wa nyoka ilikuwa imeachwa, badala yake ikashikwa methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zote mbili zilimwumiza mzazi.

Mlango ulifunguka mwaka 1961. Mfaransa mmoja alijaribu dawa iitwayo haloperidoli kwa mgonjwa wa mishtuko, na mishtuko ikapungua sana. Huko Marekani mtu na mkewe, Arthur na Elaine Shapiro, wakaitumia vivyo hivyo, na mwaka 1968 wakaandika wazi kuwa maradhi haya ni ya ubongo wala si matunda ya malezi mabaya. Mwaka 1972 familia za wagonjwa huko Marekani zikaunda chama chao wenyewe.

Ndipo swali la urithi likarudi, safari hii kwa hesabu. Mwaka 1985 watafiti walitoa habari za jozi 43 za mapacha. Kwa mapacha wa kufanana kabisa, walioumbwa kutokana na yai moja, pacha mmoja akiwa na maradhi ya Tourette, mwenzake alikuwa nayo pia katika jozi 53 kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa 8 tu kwa 100. Walipohesabu mishtuko ya kila namna, hata ile midogo, ilikuwa 77 dhidi ya 23. Mapacha wote hulelewa nyumba moja na kula chungu kimoja. Tofauti hiyo basi ilitoka katika damu, wala si katika malezi. Lakini angalieni pia kuwa hata kwa mapacha wa kufanana haikufika 100. Urithi ni sehemu kubwa ya habari, si habari yote.

Mwaka 2015 Wasweden wakatumia madaftari ya taifa lao yenye habari za watu zaidi ya 4,800 waliopata maradhi ya mishtuko ya kudumu. Waliona kuwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mtu kama huyo ana hatari ya kuyapata karibu mara 19 kuliko mtu mwingine, na kwamba hatari hupungua kadiri udugu unavyokwenda mbali. Kulelewa pamoja hakukuongeza neno la maana.

Je, ni kitu gani kinachorithiwa? Ndani ya kila chembe ya mwili zimo jeni, ambazo ni kama amri za kuujenga mwili. Mwaka 2010 ilielezwa familia moja ambayo baba na watoto wake 8 wote walikuwa na maradhi ya mishtuko, na wote walikuwa na kosa moja katika jeni moja. Familia kama hiyo ni nadra sana. Kwa watu walio wengi hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ziko nyingi, kila moja ikiongeza kidogo, kama vile mto unavyojazwa na vijito vingi. Kwa hiyo katika ukoo mmoja babu aweza kuwa na kupepesa macho tu, mwanawe asiwe na chochote, na mjukuu awe na mishtuko na sauti. Mwingine katika ukoo huo huo hana mishtuko, bali ana mawazo yanayomlazimisha kunawa mikono au kuhakikisha kufuli mara kumi. Kwani hayo nayo ni jamaa ya maradhi haya. Wavulana hupatwa mara 3 au 4 zaidi ya wasichana. Mara nyingi mishtuko huanza baina ya miaka 5 na 7, huzidi karibu na miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua mtu akishabaleghe.

ASKARI NA WENYE MISHTUKO

Yapo mambo machache ambayo kila kamanda, kila koplo wa kwata na kila polisi wa zamu yampasa ayajue.

Kwanza, mwenye mishtuko aweza kuizuia kwa muda mfupi, kama mtu anavyozuia chafya. Hilo ndilo linalowadanganya wengi, wakasema kuwa anafanya kusudi. Lakini hawezi kuizuia siku nzima. Ikizuiwa sana hurudi kwa nguvu. Hofu, uchovu na kutazamwa na watu huizidisha. Kazi inayoushika moyo huipunguza. Sasa twaelewa kwa nini mwenzetu chuoni alizidiwa kila alipoadhibiwa, na kwa nini bega lake lilitulia alipolala nyuma ya bunduki akilenga shabaha.

Pili, matusi yasiyokusudiwa si alama ya kila mgonjwa. Katika wagonjwa 10 hupata kama mmoja tu, au kuzidi kidogo. Lakini polisi atakapomkuta mtu kituo cha basi anatupa mkono na kutoa neno baya, kisha uso wake ukajaa haya, na atulie kabla ya kutoa pingu. Aulize jamaa zake. Mtu mlevi na mtu mwenye mishtuko wanatofautiana, na jicho la askari aliyefunzwa laweza kuona.

Tatu, dawa zipo, na tangu mwaka 1973 yako mafunzo ambayo mgonjwa hujifunza kuuhisi mshtuko ungali mbali na kuweka tendo jingine mahali pake. Maradhi hayakomi kwa viboko, wala kwa kombe, wala kwa kumtafuta mchawi wa ukoo. Si pepo, tena hayaambukizi.

Nne, mzazi mwenye mishtuko asijione kuwa amemwonea mwanawe. Hakuchagua kumpa, kama ambavyo yeye mwenyewe hakuchagua kupokea. Pamoja na bega lile, yule mzee wa kanzu nyeupe alimpa mwanawe pia jicho la shabaha, mguu wa mbio na moyo wa kusimama wima mbele ya bendera.

Gilles de la Tourette hakuwa mtu mkamilifu. Alikuwa na ufahari, alikosea mengi, akamaliza siku zake amepoteza akili ile ile aliyojivunia. Lakini alipowatazama watu 9 ambao dunia iliwaita wehu, wakorofi na wasio na adabu, aliandika kuwa wana akili timamu na kwamba wanaumwa. Kwa neno hilo amewafaa watu wengi kuliko majemadari kadhaa wa wakati wake. Na sisi, safari ijayo tutakapoona bega likipanda katika mstari ulionyooka, na tukumbuke kwamba si kila kiungo kinachoruka kimevunja amri.